Mpaka ukifungwa kwa ugonjwa, nani hupita? Somo la Vurra na Oraba

Wafanyabiashara wengi wa Arua na Koboko hawajasahau Machi 2020. Uganda ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 21 ya mwezi huo, na Rais Yoweri Museveni akafunga mipaka kwa watu huku malori ya mizigo yakiruhusiwa kuendelea. Hesabu yake ilieleweka: Uganda haina bahari, na mafuta pamoja na bidhaa nyingi hutoka bandari ya Mombasa. Kusimamisha malori kungeumiza hata hospitali.

Wenye malori walisumbuka. Madereva walipimwa, watu ndani ya gari wakapunguzwa, na foleni za Malaba zikawa ndefu mno wakati wa kungoja majibu. Hata hivyo mzigo ulifika.

Maumivu makubwa yalikuwa kwa mfanyabiashara mdogo. Vurra, njia ya kwenda Ariwara nchini Kongo, na Oraba, njia ya Kaya na Yei nchini Sudan Kusini, biashara nyingi haipandi lori. Hubebwa kwa baiskeli, kwa pikipiki, hata kichwani. Mama mwenye gunia moja hakuhesabiwa kuwa mzigo, alihesabiwa kuwa mtu. Ilibidi arudi nyumbani, au apite njia ya panya ambako hakuna wa kumpima wala wa kumtoza ushuru. Hapo afya ilikosa na hazina pia ikakosa.

Ndani ya nchi nako, magari binafsi yaliporuhusiwa tarehe 26 Mei 2020 na usafiri wa umma tarehe 4 Juni, wilaya za mpakani ziliachwa nje. (Arua ilipandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai mwaka huo huo, watu wakiwa bado chini ya amri ya kutotoka nje usiku!)

Mwaka mmoja kabla, uamuzi ulikuwa tofauti. Ebola ilikuwa Ituri, jirani kabisa na Arua, na Juni 2019 ilivuka hadi Kasese. Uganda haikufunga mpaka. Watu walinawa mikono na kupimwa joto. Shirika la Afya Duniani nalo, lilipotangaza dharura tarehe 17 Julai 2019, lilionya dhidi ya kufunga mipaka. Sababu ya tofauti ni ugonjwa wenyewe: Ebola huambukizwa na mtu ambaye tayari ana dalili, hivyo kipimajoto husaidia. Mwenye korona aweza kuambukiza akiwa hana dalili yoyote.

Oktoba 2022, Ebola ilipozuka Mubende na Kassanda, wilaya hizo zilifungwa kwa wasafiri, lakini malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita. Kanuni ikawa ile ile.

Kwa hiyo mwenye mzigo mdogo ajipange mapema. Wafanyabiashara kadhaa wakiunganisha magunia yao katika lori moja, kila mmoja na orodha na risiti zake, mbele ya forodha huo ni mzigo. Mpokeaji wa upande wa pili atafutwe sasa, njia ikiwa wazi, na bei na namna ya kulipana zikubaliwe kabla ya siku ambayo mwenye mali hataweza kuvuka mwenyewe.