Dakika za kwanza huamua uhai wa injini iliyoundwa upya

Mwenye gari la kale la spoti akiisha kulipia kuchongwa kwa silinda, akanunua pistoni na ringi mpya na injini ikaungwa, aghalabu hudhani kazi imekwisha. La hasha! Gharama hiyo yote yaweza kupotea kabla gari halijatoka gereji likafika soko la Nyamache.

Chukua mfano wa Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 chini ya Shekhar Mehta. Ni nadra kuliona katika vilima vya Gusii, lakini somo lake ni lile lile kwa pikapu kuukuu ya Peugeot 504.

Siri imo baina ya ringi na ukuta wa silinda. Ukuta uliochongwa huachiwa mikwaruzo midogo inayopishana, nazo ringi sharti ziusugue hadi zishikane nao barabara. Kinachozisukuma ukutani hasa ni shinikizo la gesi inayoungua. Kwa hiyo mazoea ya kuiacha injini ikinguruma polepole gerejini kutwa nzima, eti izoee, ni kuiua. Shinikizo huwa dogo, ringi huteleza tu, na oili huungua ikaacha utando laini kama kioo. Baadaye ni moshi wa samawati, oili kupungua kila wiki, na injini kufunguliwa upya.

Kabla ya kuwasha, toa plagi, uzungushe injini kwa stata hadi geji ya oili ipande. Ikiwa kemshafti nayo ni mpya, injini ikiwaka tu ishikilie kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20 hivi, jicho likiwa kwenye geji ya joto.

Kisha barabarani, na hapa Nyamache imejaliwa. Panda mlima kwa gia ya tatu, ukikanyaga kwa nguvu ya wastani hadi mizunguko 3,500, halafu uteremke katika gia hiyo hiyo bila kukanyaga. Kupanda hukandamiza ringi. Kuteremka huvuta oili juu ya silinda, ikapoza na kuosha vumbi la chuma. Rudia mara kumi au zaidi. Usiikabe injini kwa gia ya nne mlimani, na ukijikuta nyuma ya lori la majani chai linalotambaa, heri usimame kando upumzike kuliko kulifuata.

Jambo moja husahaulika: hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa humwaga petroli kupita kiasi huku, nayo petroli huosha oili ukutani. Irekebishwe papa hapa.

Oili iwe ya kawaida, si ya sintetiki, yenye zinki ya kutosha kulinda kemshafti. Imwagwe pamoja na filta baada ya kilomita 100 za mwanzo, na tena kwenye 800. Vumbi linalong'aa ndani yake si ajabu. Vipande vya chuma ni hatari. Ikifika kilomita 1,000, fundi apime mwanya wa valvu na kutazama plagi: zikiwa na rangi ya kahawia hafifu, ringi zimekaa, zikiwa zimelowa oili nyeusi, bado.