Sanduku si Barua ya Maombi

Nikishuka gari sokoni Konde, kaskazini mwa Pemba, kabla hata sijavuka barabara, kuna mtu atanipa mkono, ataniuliza habari za Chake Chake, za watoto, za safari, kisha litakuja lile lile: "Bwana mtaalamu, kikundi tunacho, katiba tunayo, muhuri tunao. Mtaji unakuja lini?"

Nimeulizwa hivyo na wakulima wa mwani, na wavuvi, na kina mama wa ushoni, na vijana wa mboga mboga, na sheha mmoja aliyekwisha kustaafu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikijibu kwa upole. Siku hizi nauliza nami: tangu muungane, mmeweka nini? Hapo watu hutazamana. Mwenyekiti yupo, katibu yupo, mshika fedha yupo. Fedha ya kushika ndiyo haipo. Kikundi kina miaka mitatu, hakijachangishana hata shilingi mia tano kwa wiki, lakini kimeshaandika maombi manne.

Swali lenyewe ndilo bovu. Ndani yake mna imani ambayo sisi watu wa maendeleo ya jamii tuliipanda wenyewe, kwa semina na posho na picha za makabidhiano: kwamba kinachomkwamisha masikini wa shamba ni mtaji, aletewe tu atainuka.

Tuitazame Konde. Wilaya yake, Micheweni, haijawahi kusifiwa na takwimu za umasikini, hilo halina ubishi, lakini hapa si mahali pasipofika pesa. Msimu wa karafuu ukichanganya, Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC, linalipa taslimu vituoni, mchumaji analipwa kwa pishi, na mwanamke asiye na mkarafuu hata mmoja huingia shambani kuokota mpeta, zile karafuu zilizodondoka chini. Muuza nguo wa sokoni anaujua msimu huo kuliko mwanauchumi yeyote. Mwani nao huvunwa kila baada ya mwezi na nusu hivi. Bei yake inaudhi, ila ni pesa. Taabu ya Konde ni kwamba pesa huja kwa kishindo na kuondoka kwa kishindo, na kati ya kishindo na kishindo kuna miezi ya muhogo mtupu. Mkarafuu wenyewe hauna adabu: mwaka huu unazaa mpaka unaelemewa, mwaka wa pili na wa tatu unakupa majani.

Sasa mfikirie mama ambaye mtoto kashikwa na homa katika miezi hiyo. Hahitaji milioni mbili za "kuanzisha biashara". Anahitaji shilingi elfu thelathini, leo, kabla ya adhuhuri. Zikikosekana, mumewe atamwendea mwenye pesa na kumuuzia karafuu zikingali juu ya mti, kwa bei anayoitaka mwenye pesa. Msimu ukifika, watu wanachuma na yeye anatazama. Mtego ndio huo, na fedha ya mradi haiusogelei hata kidogo. Hiyo huja siku aliyoipanga mfadhili, kwa kiasi alichokipanga mfadhili, kwa kazi aliyoichagua mfadhili, ambayo aghalabu ni kutengeneza sabuni. (Pemba sasa ina mafundi wa sabuni wa kutosha kuifua Bahari ya Hindi yote. Wanunuzi ndio hatujawaandalia semina.)

Tena si kweli kwamba mtaji wa nje ni mgeni kisiwani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuisaza mingi ya Pemba, na tangu hapo sisi ndio tuliobeba karafuu za Zanzibar. Penye karafuu pakavuta wakopeshaji. Mkopeshaji hakuandika riba, maana riba ni haramu. Aliandika bei ya khiyari. Mwenye shamba "analiuza", anabaki na haki ya kulikomboa katika muda waliokubaliana, na huku anaendelea kukaa humo humo akilipa kodi. Kodi hiyo ilikuwa riba iliyovaa kanzu. Muda ukipita hajakomboa, shamba si lake. Madeni yalizidi mpaka mwaka 1933 serikali ya kikoloni ikawaweka Bartlett na Last kuyachunguza, na mwaka 1934 ikaleta sheria ya kuzuia mashamba yasiendelee kuhama mikono. Mtaji ulikuwapo, tena tele. Mkulima alikuwa akiufanyia kazi.

Atatokea wa kuniambia hayo ni ya zamani, siku hizi kuna mikopo midogo ya kumkomboa mnyonge. Haya. Mwaka 2006 Muhammad Yunus na Benki ya Grameen ya Bangladesh walipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, na dunia nzima ikaamini dawa imepatikana. Mwaka 2015 zikachapishwa kwa pamoja tafiti sita, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, zikilinganisha watu waliofunguliwa mlango wa mikopo hiyo na wenzao ambao hawakufunguliwa. Biashara za baadhi yao zilikua kidogo, na watu walipata nafasi pana zaidi ya kujipangia mambo yao. Lakini maisha ya kaya masikini hayakugeuka. Si hapa, si pale.

Na huo ni mkopo unaodaiwa, wenye afisa wa kupiga hodi asubuhi. Fedha ya mradi haina hata hodi. Niseme kosa langu. Upande huu wa kaskazini palikuwa na kikundi cha wanawake ishirini na wawili, wanaweka akiba ndogo ndogo kila Ijumaa baada ya sala, wanakopeshana, na katika miaka miwili hapajapotea mkopo hata mmoja. Nikaona hawa wanastahili kusukumwa. Niliwaandikia ombi kwa mkono wangu, wakapata milioni tano. Hawakumaliza mwaka. Walioshindwa kulipa hawakuwa wezi. Ni wale wale waliokuwa wakilipa zamani. Zamani, ukichelewesha mkopo, ulikuwa umezuia pesa ya Bi Fulani wa nyumba ya tatu, ambaye utakutana naye kisimani na kwenye arusi na kwenye msiba. Hizi zilikuwa pesa za mradi. Nani akununie kwa pesa za mradi? Mara wakaingia wanachama wapya ambao hawakuwahi kuweka hata senti, mmoja ni shemegi wa mtu, na vikao vikawa vya kugombania zamu. Nilipokwenda kuwasuluhisha, mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, ungetuacha." Sikuwa na jibu.

Waliokwenda njia ya pili, ya akiba yao wenyewe, hawako mbali: wako Unguja. Mtindo wenyewe umetoka mbali. Wanawake wa Maradi, nchini Niger, ndio walioanza mwaka 1991 na shirika la CARE: kikundi kinaweka akiba yake sandukuni na kukopeshana hiyo hiyo, hakipokei fedha ya mtu. Mtindo ulipoletwa Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulipelekwa kwa watu wanaopakana na msitu wa Jozani, ukaitwa JOSACA. Watu wa Konde, majirani wa msitu wa Ngezi, wanaelewa bila kuelezwa maana ya kuishi kando ya msitu usioruhusiwa kuukata. Mradi ulipokwisha, wataalamu wakaondoka na magari yao. Waliorudi kutazama mwaka 2006 walivikuta vikundi viko hai na vimezaa vingine, vingi vikianzishwa na wanavijiji wenyewe wakifundishana. Sijui mradi wa sabuni uliowahi kuzaa mwingine.

Nisitie chumvi. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 kuhusu vikundi vya namna hii huko Ghana, Malawi na Uganda ulionyesha watu wanaweka na kukopa zaidi, biashara ndogo zinasogea, wanawake wanasikilizwa zaidi majumbani. Matumizi ya kaya kwa jumla hayakupanda. Sanduku halimtajirishi mtu. Linachukua pesa ya msimu na kuipeleka mwezi wa njaa, basi. Kwa yule mama wa elfu thelathini, hiyo "basi" ndiyo tofauti ya kuvuna karafuu zake na kutazama zikivunwa.

Kuna suala la riba, na Konde haliepukiki. Vikundi vingi hutoza nyongeza juu ya mkopo, na kwa kuwa nyongeza huwarudia wanachama wenyewe kwenye mgao, wengine huiita "huduma" na kujifariji. Mimi si mufti. Ninachokijua ni kwamba zama za babu zetu riba ilishawahi kubadilishwa jina, na mashamba yalikwenda vile vile. Kikundi chenye shaka kikopeshane bila nyongeza, kila mtu arudishiwe alichoweka. Faida ya kutouza karafuu juu ya mti inatosha. Au kikundi kinunue bidhaa kwa jumla, kimuuzie mwanachama kwa bei inayojulikana, alipe kidogo kidogo. Mnaotaka fatwa nendeni Ofisi ya Mufti, msiniulize mimi barabarani.

Sasa yale mnayotaka niyaseme haraka: kikundi kinaanzaje. Watu kumi na tano hadi ishirini na tano, wanaojuana, waliochaguana wenyewe. Sheha asiwachagulie mtu. Mkutano kila wiki, siku ile ile, pahala pale pale. Bei ya hisa apange mwanachama aliye dhaifu kuliko wote, hata ikiwa mia tano, na mtu anunue hisa moja hadi tano kwa mkutano, asizidishe ili kujionyesha. Sanduku la chuma liwe na kufuli tatu, funguo zikae kwa watu watatu, na sanduku likae kwa wa nne. Pesa zihesabiwe mbele ya wote, kwa sauti. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mkopaji wala miezi mitatu. Mfuko wa jamii uwe mbali, wa msiba na maradhi, hauguswi kwa biashara. Baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili vunjeni, gawaneni kila kitu, muanze upya. Mgao uwe kabla ya skuli kufunguliwa au kabla ya miezi yenu ya njaa, si katikati ya msimu ambapo kila mtu ana pesa. Karafuu zikijaza sanduku mpaka mnaogopa kulala, fungueni akaunti ya kikundi. Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, ina huduma za Kiislamu. Kwa asiye na hata mia tano, huyo ni wa mipango ya kunusuru kaya masikini kwanza; msimsukume kwenye kikundi atakakokuja kuaibika. Na mikopo ya Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, isogeleeni baada ya kugawana mara mbili bila ugomvi, kwa kazi ambayo mnunuzi wake mnamjua kwa jina.

Mlioniambia mna muhuri, msiutupe. Kila mwanachama anapewa kijitabu, na kila hisa inagongwa alama mbele yake, asiyejua kusoma akahesabu mwenyewe. Wino unauzwa hapo hapo sokoni.