Urembo wa rezini mezani usigeuke mwasho wa maisha mikononi

Kwa miaka mingi stuli ya sebuleni katika nyumba nyingi za Arusha imevaa kitambaa cha kufuma. Mgeni akija, kikombe cha chai kinatua juu yake. Chai ikimwagika, kitambaa kinafuliwa na mambo yanaendelea.

Siku hizi simu zimeleta mshindani wake. Ni vibao vidogo vya mviringo vya kuwekea vikombe na glasi, vinavyong'aa kama kioo, ndani yake rangi zimetawanyika kama mawingu ya jioni. Wauzaji wa mitandaoni huviita kosta, jina ambalo kwa abiria wa Arusha lina maana ya gari linalobeba watu wengi kuliko kifodi. Hapa tuviite vibao vya vikombe.

Kwa mama wa Sokon I anayetafuta kitu cha kufanya akiwa nyumbani na watoto, kazi hii inavutia. Haihitaji umeme mwingi, haihitaji fremu ya duka, na video inaimaliza kwa dakika moja: mimina, dondosha rangi, subiri, bandua. Kinachoachwa nje ya video ni kwamba kile kimiminika, kabla hakijakauka, si rangi wala si gundi ya shule. Ni kemikali inayoweza kuifundisha ngozi kuikataa, na ngozi ikishajifunza haisahau.

Hatari hiyo haimgusi mama peke yake. Mikono inayomimina rezini ndiyo inayoogesha mtoto, inayokanda unga wa chapati na kusuka nywele za binti Jumapili jioni.

Chupa mbili

Rezini inayotumika zaidi kwa vibao hivi ni ya jamii ya epoksi. Ndugu yake wa karibu yuko katika nyumba nyingi: ile gundi ya Araldite ya tyubu mbili, ambayo ukichanganya kidogo cha huku na kidogo cha kule inashika kuliko msumari. Mkemia wa Uswisi, Pierre Castan, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa epoksi katika miaka ya 1930, alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia. Baadaye ikahamia kwenye gundi, sakafu za viwanda, boti na ndege. Kuingia kwenye meza ya kahawa ni habari ya juzi.

Chupa moja ni rezini yenyewe, nzito kama asali nyepesi. Ya pili ni ile mafundi rangi wa magari wanayoiita hadina, yaani kigumishi. Zikikutana zinaanza kupata joto na kushikana mpaka zinakuwa jiwe moja. Kuna za kuchanganya kimoja kwa kimoja, kuna za mbili kwa moja, na maelezo yako kwenye chupa. Kukadiria kwa jicho, kama tunavyofanya na chumvi, ndiko kunakozaa vibao vinavyonata wiki nzima. Kuongeza hadina ili ikauke haraka hakusaidii. Inayozidi inabaki humo bila mwenzake, na kibao hakikomai.

Rangi ni wino wa spiriti, yaani rangi iliyoyeyushwa katika alkoholi. Tone likiangukia rezini mbichi linatawanyika juu. Anayefuatisha tone jeupe anaona jambo zuri: chembe za wino mweupe ni nzito, zinazama na kuisukuma rangi ya juu iende nazo chini, na ndani ya kibao kunatokea kitu kama mizizi au maua ya baharini. Matone machache yanatosha. Wino ukizidi, rezini inabaki laini.

Kibao cha upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 8 kinakula takriban mililita 60 za mchanganyiko. Nusu lita, basi, inatoa vibao vinane hivi, ukiwa hujamwaga wala kukosea. Mwenye kupiga hesabu ya biashara aanzie hapo, kisha aongeze glovu, vikombe vya kupimia, kalibu za silikoni, na vile vibao vitatu vya kwanza ambavyo karibu kila mtu huviharibu.

Arusha ina tatizo lake jingine, nalo ni baridi. Rezini nyingi hupenda chumba cha nyuzi joto 21 hadi 25. Mwezi wa Juni na Julai, upepo wa Meru ukishuka usiku, Arusha hushuka chini ya nyuzi 15. Rezini inakuwa nzito, mapovu yananasa ndani, na kibao ambacho kingebanduliwa baada ya saa 24 bado kinanata kesho kutwa. Wazoefu hutumbukiza chupa zilizofungwa vizuri kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 kabla ya kuchanganya. Kuweka kalibu kando ya jiko la mkaa ni jambo jingine, tutalifikia.

Mwasho unaochelewa

Madhara ya ngozi yanakuja kwa njia mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ya papo hapo. Hadina ina tindikali? Hapana, ni kinyume chake: ni kali kwa upande wa magadi, na ikikaa kwenye ngozi inaweza kuichoma. Inauma, unaiona, unaosha. Mtu anajifunza.

Ya pili ndiyo ya hila. Unaweza kushika rezini mbichi leo, wiki ijayo na mwezi ujao, usione kitu. Lakini kinga ya mwili imeshaanza kuandika jina la kemikali ile kwenye daftari lake. Siku moja, baada ya wiki, miezi au hata miaka, unagusa kidogo tu, na kati ya siku moja na tatu baadaye vidole vinawasha, vinakuwa vyekundu, vinatoa malengelenge madogo na kupasuka. Wakati mwingine kope na uso navyo vinavimba, kwa sababu mkono ulipita jichoni au mvuke ulifika usoni.

Kwa kuwa mwasho umechelewa, wengi hawaunganishi na rezini. Wanailaumu sabuni mpya, maji au chakula, wanapaka krimu ya kununua bila kupimwa, wanapona kidogo, kisha wanarudi kwenye kalibu. Huu ni mzio, na mzio wa epoksi hauna dawa ya kuufuta. Daktari anaweza kutuliza ngozi, lakini mwili ukishaikataa rezini huendelea kuikataa kwa maisha. Mafundi wa sakafu, wachora rangi na watengeneza boti katika nchi nyingi wamelazimika kubadili kazi kwa sababu hiyo. Mama aliyenunua vifaa kwa pesa ya kikoba anaweza kujikuta hawezi tena kuvigusa.

Pua haimsaidii. Epoksi nyingi za sanaa zina harufu ndogo sana, na kwenye matangazo hilo huelezwa kama sifa. Sisi tumelelewa kuogopa kinachonuka, kama mafuta ya taa au dawa ya mende, na kisichonuka tunakiona salama. Epoksi inapita hapo hapo.

Kinga yenyewe ni rahisi ukiizoea. Glovu ziwe za naitrili, zile ambazo mara nyingi ni za bluu au nyeusi. Za mpira wa kawaida hupitisha. Zikichafuka zinatupwa, haziviringishwi kwa ajili ya kesho. Mikono mirefu, miwani ya kinga, nywele zifungwe. Rezini ikigusa ngozi, ifutwe kwa kitambaa kikavu halafu ioshwe kwa sabuni na maji mengi. Thina na spiriti zisitumike kusafishia ngozi, kwa sababu huiyeyusha rezini na kuisaidia ipenye zaidi. Simu nayo isishikwe na glovu chafu. Huo ndio mlango ambao wengi wanausahau: video inaendelea, unagusa kioo kuirudisha nyuma, na jioni mtoto anaiweka simu hiyo shavuni.

Mwenye vipele visivyoisha mikononi aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba anafanya kazi ya rezini. Ikihitajika rufaa, kanda hii ina bahati ambayo wengi hawaijui: Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichoanza mwaka 1992, kinachosomesha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika.

Chumba kimoja, kazi mbili

Ushauri wa vitabuni ni kufanya kazi hii kwenye karakana yenye hewa. Familia nyingi za mjini hazina karakana. Zina chumba na sebule, na pengine ukumbi wa pamoja na wapangaji wengine. Hapo ndipo akili inapohitajika.

Kalibu zenye rezini mbichi hazipaswi kulala chumba kimoja na watoto, wala kukauka juu ya meza ya chakula. Kibaraza chenye paa, au stoo yenye dirisha linalofunguka, ni bora kuliko sebule. Meza ipimwe kwa pimamaji, zifunikwe na boksi kuzuia vumbi, na mlango ufungwe. Mwenye pumu akae mbali. Mjamzito ni busara aiache kazi hii mpaka atakapojifungua. Vibao visipigwe msasa kabla havijakomaa kabisa, jambo linaloweza kuchukua saa 72 au zaidi, na hata hapo vipigwe kwa maji na barakoa ya vumbi, kwa sababu unga wa rezini mbichi huingia kifuani na kutua kwenye ngozi.

Kisha kuna chupa. Rezini inang'aa kama maji na hadina inafanana na mafuta ya kula yaliyochujwa. Ile tabia yetu ya kugawana kitu kwa chupa za soda na maji, kama ilivyozoeleka kwa mafuta ya taa, hapa ni hatari kwa mtoto mwenye kiu. Zibaki kwenye chupa zake, juu ya kabati, na kifuniko kimekazwa. Mtoto akinywa, asilazimishwe kutapika. Asukutue mdomo na akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe ili daktari asome kilichomo. Ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha hospitali. Kwa mitaa ambayo bomba halitoki kila siku, ndoo iliyojaa maji iwepo mezani kabla chupa haijafunguliwa.

Na moto. Wino wa spiriti unawaka, na mvuke wake unawaka hata kwa joto la kawaida la chumba. Video nyingi zinaonyesha mtu akipitisha kichomeo cha gesi juu ya kalibu ili kupasua mapovu. Ukifanya hivyo wino ukiwa bado mbichi, au jiko la mkaa likiwa mlangoni, umewasha kitu ambacho miale yake mchana wakati mwingine haionekani vizuri. Mapovu yanapasuliwa kwa kijiti cha meno. Kupuliza kwa mrija kunakosifiwa na baadhi ya video kunauleta uso juu ya mvuke. Hakuna faida hapo.

Mabaki kwenye kikombe nayo hupata joto. Yakiwa mengi yanaweza kuyeyusha kikombe na kutoa moshi, kwa hiyo yawekwe nje juu ya zege mpaka yagande, ndipo yatupwe. Yasimwagwe chooni na yasichomwe na takataka za uani.

Dukani pia kuna mtego. Ukiuliza rezini kwenye maduka ya vifaa vya rangi za magari unaweza kupewa ile ya faiba, inayotengeneza bampa. Hiyo ni poliesta, inanuka vikali, na hadina yake hutiwa kwa matone, moja au mbili kwa mia. Tone la hadina hiyo linaweza kuharibu jicho. Si kitu cha nyumbani. Chupa isiyo na lebo inayoeleza kilichomo, uwiano na tahadhari iachwe dukani. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na lebo si hisani ya muuzaji.

Watoto wanataka kushiriki

Watataka, maana rangi zinaita. Rezini si yao, hata wakivaa glovu. Lakini kuna njia ya kupata kibao kizuri bila rezini kabisa: vipande vya vigae vilivyobaki kwenye ujenzi, ambavyo katika mitaa inayojengwa kila mwaka haviadimiki. Kingo zake zipigwe msasa na mtu mzima. Uso laini wa kigae unapokea wino wa spiriti vizuri. Mtoto wa shule ya msingi, akiwa uani na mzazi ameshika chupa ya spiriti, anaweza kudondosha rangi na kuinamisha kigae mpaka zikutane. Ikikauka, mtu mzima anapaka vanishi mara mbili na kubandika kitambaa kizito chini kisichune meza. Wadogo zaidi wapewe rangi za maji na karatasi.

Anayeuza vibao vya rezini ana neno moja la kumwambia mteja kabla ya kupokea pesa. Epoksi ya kawaida huanza kulegea kwenye nyuzi joto 50 hadi 60, na chai iliyotoka kwenye chupa inapita hapo kwa mbali. Kikombe kikikaa dakika chache kinaacha duara lililozama ambalo halifuliki. Zipo rezini zinazostahimili joto zaidi, na lebo zake husema hivyo. Kama si hizo, vibao viuzwe kwa ajili ya juisi na maji baridi, na chai iendelee kutua kwenye kitambaa cha kufuma.