Makali ya Kisu cha Kukunja: Habari za Kunoa katika Paje

Katika Kiswahili kisu kikatacho vema husemwa kuwa chapata, na kisichokata huitwa butu. Ama lile neno makali halina umoja: hakuna asemaye kali moja la kisu. Yafaa tulitie maanani jambo hili, kwa kuwa makali kwa hakika si kitu kimoja. Ni nyuso mbili za chuma zilizoinamiana hata zikakutana. Kila uso una mwinamo wake, na mwinamo huo ndio tutakaoueleza hapa. Maana wajuao kunoa ni wengi, bali wajuao kisu chao chataka mwinamo gani ni wachache.

Tumechagua kusema habari za Paje, mji ulio pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, kwa sababu huko kisu kimoja hutumikishwa kazi nyingi. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Vigingi vya miti hupigwa mchangani, kamba ikafungwa toka kigingi hata kigingi, na matawi ya mwani yakatundikwa kwa nyuzi nyembamba. Kazi hii hufanywa hasa wakati wa maji ya bamvu, bahari ikupwapo mbali. Na saa za kupwa ni chache. Aliye na kisu cha kukunja atakatia kamba, atachongea ncha ya kigingi, na jioni atatumbulia samaki kwa kisu kile kile.

Kikiwa butu, hasara zake ni mbili. Kwanza, humpotezea mtu wakati, na maji hayamngoji. Pili, humlazimisha kukaza mkono, kisu kikateleza kikamkata mwenyewe. Tena kisu cha kukunja kina hatari yake peke yake: kisipokuwa na komeo, kikisukumwa kwa mgongo hujifunga juu ya vidole.

Sasa tuseme habari za jiwe. Mtu aweza kudhani kwamba Paje, mahali palipojaa mawe, hapakosi kinoo. Lakini mawe yale ni ya matumbawe, yaani ni namna ya chokaa. Mwaka 1812 mtaalamu Friedrich Mohs aliweka vipimo vya ugumu wa mawe, toka 1 hata 10. Mawe ya matumbawe yako kati ya 3 na 4. Pua ya kisu iko kati ya 5 na 7. Mawe ya namna ya gumegume hufika 7. Jiwe lililo laini kuliko chuma haliwezi kukila; husugulika lenyewe. Hata mchanga mweupe wa pwani ile ni wa asili hiyo hiyo. Kwa hiyo kinoo hakina budi kutoka mahali pengine, ama cha dukani, ama jiwe lenye chembe ngumu lililoletwa toka bara.

Katika kupima mwinamo twatumia nyuzi, kama wafanyavyo mafundi: pembe mraba ni nyuzi 90. Na hapa watu hukosana kwa sababu moja, kwamba wengine hutaja upande mmoja na wengine hutaja jumla. Kisu kilichonolewa nyuzi 20 kila upande kina jumla ya nyuzi 40. Sisi tutataja upande mmoja tu.

Kanuni ni hii: makali membamba hukata kwa wepesi, lakini hayadumu, makali manene hudumu, lakini hutaka nguvu. Wembe wa kunyolea hunolewa kwa nyuzi 8 hivi, nao ukichongea mti utavunjika meno mara. Kisu cha kupasulia samaki chafaa nyuzi 15. Kisu cha kukunja cha kazi zote chafaa nyuzi 20. Ikiwa kazi yake kubwa ni kuchonga vigingi na kukata kamba ngumu za usumba, yafaa kipandishwe hata 25. Panga na shoka hutaka 30 au karibu yake.

Je, asiye na chombo cha kupimia afanyeje? Na apime upana wa bapa, toka makali hata mgongo, kisha aweke makali juu ya kinoo na kuinua mgongo. Ukiinuliwa kwa robo ya upana ule, mwinamo ni nyuzi 15. Ukiinuliwa kwa thuluthi, ni nyuzi 20 kasoro kidogo. Ukiinuliwa kwa nusu, ni 30. Kwa mfano, kisu chenye upana wa sentimita 2 kitainuliwa milimita 5 kwa samaki, milimita 7 kwa kazi zote, na milimita 8 na nusu kwa kazi nzito. Njia ya pili ni kukunja pembe ya karatasi: nyuzi 90 zikikunjwa mara moja ni 45, zikikunjwa tena ni 22 na nusu, nazo zakaribia sana zile tuzitakazo.

Kabla ya kunoa, ukunjue kisu mpaka mwisho, kisha upake masizi au wino juu ya makali. Pitisha mara mbili tatu juu ya kinoo, ukaangalie. Masizi yakitoka kote, toka karibu na bapa hata ncha ya makali, mwinamo ni sawa. Yakitoka juu karibu na bapa tu, umeulaza mno. Yakitoka ukingoni kabisa na kusalia kwingine, umeuinua mno. Noa upande mmoja hata usikie kwa kidole, ukipapasa toka mgongoni kwenda makalini, uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Ndipo ugeuze. Mwisho uuondoe uzi ule kwa kupitisha polepole, huku na huku. Kazi ikiisha, osha kiungo kwa maji matamu na kutia tone la mafuta. Maana chumvi na mchanga wa Paje huingia hapo, na kisu kisichofunguka vema ni adui wa mwenyewe.

Kunoa kuna adabu yake pia. Waislamu, nao ndio walio wengi katika Paje, wamefundishwa kwamba achinjaye na anoe kisu chake vizuri ili kumpunguzia mnyama taabu, wala asikinoe mbele ya macho yake.

Wahenga husema, Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Sisi twaongeza neno moja: ukali hupimwa kwa kazi. Kisu kinyoacho nywele asubuhi, kisha kikavunjika meno kwa kigingi cha kwanza, mwenyewe atarudi pwani mikono mitupu, na maji yamekwisha kujaa.