Maziwa hayasafishi vumbi la kahawa

Swali la maziwa halikomi. Wanaofanya kazi kwenye viwanda vya kukoboa kahawa hapa Moshi, na wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani, wanauliza kama glasi moja baada ya zamu huondoa vumbi kifuani. Haiondoi. Maziwa yanakwenda tumboni. Yakikosea njia yakaelekea kwenye mapafu, yanakupalia. Na anayekuuzia chupa ya “kusafisha mapafu” pale stendi anakuibia fedha na muda wa kutibiwa.

Utafiti wa Gloria Sakwari na wenzake, uliochapishwa 2011, uliwapima wafanyakazi wa kahawa mkoani Kilimanjaro na kukuta dalili zinazofanana na za pumu zikiwasumbua zaidi kuliko wafanyakazi wa kiwanda kisicho cha kahawa. Kisa si vumbi tu. Kahawa inayoshuka kutoka Machame, Kibosho na Rombo imeshamenywa na kuoshwa, lakini bado ina ganda kavu. Likikobolewa, hurusha mabaki ya bakteria walioishi kwenye tunda. Jua limewaua, ila sumu iliyo kwenye kuta zao, endotoksini, haikufa nao. Seli za ulinzi za mapafu zikiigusa huamini mwili umevamiwa, na huita jeshi la seli nyeupe. Hizo nazo humwaga vimeng’enya vya kuua adui ambaye hayupo, na kinachoungua ni kifua cha mwenye mwili: njia za hewa huvimba na kujaa makohozi. Zikivimba siku moja tu, hupona. Zamu baada ya zamu, kwa miaka, zinabaki nyembamba. Robusta ya Kagera, inayokaushwa na tunda lake, ina endotoksini nyingi zaidi.

Mirerani shida ni silika, vumbi la mawe: hutia mapafu makovu na kuikaribisha TB. Nyumbani ni moshi wa kuni. Kwa hiyo mama wa Marangu ambaye hajawahi kugusa sigara anaweza kuwa na mapafu ya mvutaji, wala tusiisingizie baridi ya mlima.

Mwajiri afunike mashine, aweke feni za kunyonya vumbi, apige marufuku kufagia pakavu. Kitambaa puani hakitoshi. Inatakiwa barakoa inayobana uso. Jikoni, moshi utoke.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, pima TB. Majibu yakiwa hasi na bado unakohoa, usikubali kuandikiwa antibayotiki kwa mara ya tatu. Mwambie daktari kazi unayofanya, na uombe kipimo cha mapafu cha kupuliza.