Wembe wa Kukunja: Tununue Mpya au wa Zamani?

Tunapotembelea vikundi vyenye kibanda cha kinyozi, swali hili halikosi. Kikundi kikiwa na pesa kidogo, kinunue wembe wa kukunja ulio mpya, au ule wa zamani unaouzwa pamoja na mitumba? Wengine husema ya kale ni dhahabu. Wengine hawataki kitu kilichotumiwa na mtu mwingine. Wote wana ukweli kidogo. Lakini liko jambo lingine, kubwa kuliko hayo, nalo tutalifikia.

Wembe wa zamani

Nyembe nyingi nzuri za zamani zilitoka Sheffield huko Uingereza na Solingen huko Ujerumani. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman aligundua namna ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu, nacho kikatoka safi na kigumu sawasawa. Ufundi huo uliisaidia sana Sheffield. Wembe wa kukunja ulianza kupoteza wateja baada ya mwaka wa 1903, King C. Gillette alipoanza kuuza Marekani nyembe nyembamba za kutumia na kutupa. Basi usidharau wembe kwa sababu ni mzee. Chuma chake chaweza kuwa kizuri mpaka leo.

Lakini kagua kabla ya kutoa pesa:

1. Tazama makali kwenye mwanga. Ukiona ufa, hata mdogo kama unywele, rudisha. Ufa hauna dawa.

2. Tazama kutu. Kutu ya juu juu hutoka kwa kusugua. Vitundu vyeusi kwenye makali ni hasara, maana makali yatamegeka hapo.

3. Laza wembe juu ya kioo. Mgongo na makali viguse kioo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiyumba, umepinda au umeliwa na kinoo, na kuunoa itakuwa kazi ngumu.

4. Fungua na ufunge. Wembe uingie katikati ya mpini bila kugusa pembeni.

5. Soma maandishi karibu na msumari wa mpini. Yakionyesha nchi ulikotoka, kama England au Germany, huenda ulitengenezwa baada ya sheria ya Marekani ya 1890, iliyotaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka. Lakini jina peke yake si dhamana. Macho yako ndiyo dhamana.

Wembe mpya

Uzuri wa wembe mpya ni kwamba hauna kutu wala historia usiyoijua. Ubaya ni kwamba ule wa bei ya chini sana mara nyingi ni wa chuma laini. Unanoa leo, kesho makali yamelala. Rahisi ni ghali! Kama muuzaji hawezi kukuambia umetengenezwa na nani, afadhali wa zamani uliokaguliwa vizuri. Tena nyembe nyingi mpya hazitoki dukani zikiwa tayari kunyoa. Ni lazima zinolewe kwanza.

Mweka hazina akumbuke: uwe mpya au wa zamani, utahitaji kinoo laini na mkanda wa ngozi wa kusugulia. Hesabu bei ya vyote. Wala msiupeleke kwa fundi wa kunoa visu kwa gurudumu la mashine. Makali membamba hupata moto upesi, na yakigeuka rangi ya buluu, ugumu wa chuma umekwisha.

Jambo kubwa kuliko yote

Wembe wa kukunja, mpya au wa zamani, ni wa mtu mmoja. Unapogusa damu ya mteja, hata tone lisiloonekana, waweza kupeleka virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini aina ya B kwa mteja anayefuata. Virusi hivyo vya homa ya ini huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kupangusa kwa kitambaa hakutoshi. Kuchemsha kila mara huharibu mpini, na dawa ya klorini hula chuma. Hata ukiusafisha wembe, je, mkanda wa ngozi utauchemshaje? Wembe wa kila mteja unapita hapo hapo.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Baba anayetaka wembe wake mwenyewe nyumbani, anunue wa zamani ulio mzima, autunze mkavu na wenye mafuta kidogo. Lakini kibanda cha kikundi kitumie kishikio cha kukunja kinachotiwa nusu ya wembe wa kawaida. Kila mteja afunguliwe wembe mpya akiona kwa macho yake. Kishikio kioshwe kwa sabuni na kutiwa dawa ya kuua viini kabla ya mteja mwingine. Nyembe zilizotumika ziwekwe ndani ya mkebe wenye kifuniko, mbali na watoto.

Gharama ya wembe mmoja kwa kila mteja iingizwe katika bei ya kunyoa. Wateja wakielezwa sababu, wataelewa.

Maswali ya kujadili kikundini

- Kinyozi wetu hufanya nini kati ya mteja mmoja na mwingine?
- Nyembe zilizotumika zinaenda wapi?
- Bei yetu ya kunyoa inatosha kununua wembe mpya kwa kila mtu?