PENZI JIPYA, DOGO BADO ANASUBIRI BASI

Mjane akipata mchumba, mtaani maswali ni yale yale: "Ati, kaburi limeshakauka?" "Huyo kaka kafuata penzi au nyumba?" Mbona hakuna anayeuliza mtoto wa marehemu anajisikiaje?

Chukua kisa cha dada mmoja, muuza mitumba, jirani yangu wa Sokomatola hapa Mbeya. Mumewe alipanda basi kwenda kwao Iringa, akaugua, akafariki na kuzikwa huko huko. Mtoto wao wa miaka sita aliachwa kwa majirani wakati wa msiba. Kila akiuliza anajibiwa: "Baba kasafiri."

Basi, kasheshe ikaanza. Dogo akawa anakojoa kitandani, anapiga wenzake darasani, anatoroka shule. Wapo waliosema karogwa, wengine wakataka achapwe. Kumbe akitoroka anaishia stendi kuu, anakodolea macho abiria wanaoshuka kwenye mabasi ya Iringa!

Aliyegundua ni fundi viatu wa pale stendi, kaka ambaye naye alishafiwa na mkewe. Alimpa dogo kigoda na chapati, na jioni mama akija kumchukua, wanapiga stori. Siku moja akamwambia: "Dada, huyu si mtundu. Anasubiri basi. Mwambie ukweli."

Ukweli unauma, lakini "kasafiri" inauma zaidi, maana aliyesafiri hurudi. Mtoto mdogo huyachukua maneno kama yalivyo. Na majonzi yake hayatoki kwa machozi tu, hutoka hata kwa ngumi. Mama akajikaza: baba amekufa, harudi, na wewe hukukosa kitu. Kisha wakasafiri wawili, zaidi ya kilomita 300 kupitia Makambako, dogo akaoneshwa kaburi. Alilia mpaka usingizi ukamchukua.

Huko ukweni shemeji naye akaleta zake: mke wa marehemu ni wa ukoo, lazima arithiwe. Dada zangu, shikeni hili! Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mjane yuko huru kuishi anakopenda, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Shemeji akabaki mdomo wazi.

Fundi hakuwa na pupa. Picha ya marehemu haikutolewa ukutani, na dogo hakulazimishwa kusema "baba". Anamwita anko. Ngumi hazijaisha zote, ila shule anakwenda, na ndoa imeshafungwa.

Kwa hiyo wewe kaka uliyemzimikia mjane, zawadi za mama peleka, lakini kaa kwanza na mtoto. Muulize baba yake alikuwa mtu wa namna gani, halafu unyamaze, umsikilize.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.